Ikoni ya Shabiki: Somo la Kwanza la Kuhariri Picha



Ndugu zangu katika imani, tangu mashindano ya CHAN yachezwe hapa Uganda, Kenya na Tanzania mwezi wa Agosti 2025, nimekuwa nikiulizwa swali moja karibu kila baada ya darsa: "Akhi, zile ikoni za Cranes ulizitengeneza vipi?" Wengine wanataka za timu ya taifa, wengine wanataka ya Mohamed Salah, na mmoja ameniomba ya mwanariadha wetu Joshua Cheptegei. Nimeonelea niwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu.

Sikusomea fani hii. Nilijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea. Katika makosa yangu liko moja lililomuumiza mtu. Nitalieleza mahali pake, kwa kuwa linahusu hatua ambayo kila anayeanza huiona nyepesi kuliko zote.

Ikoni ya shabiki ni nini?

Ni picha ndogo ya mraba ambayo mtu huiweka penye jina lake ili kuonyesha anachokipenda: timu, mchezaji, kitabu, au msomaji wa Qur'ani. Mtindo huu ulishamiri katika mtandao wa LiveJournal, ulioanzishwa Marekani mwaka 1999. Huko ikoni haikuruhusiwa kuzidi pikseli 100 kwa 100, wala faili lake kuzidi kilobaiti 40. Mashabiki walishindana nani ataeleza mengi zaidi ndani ya nafasi hiyo finyu. Leo mitandao inapokea picha kubwa zaidi, lakini kwenye kioo cha simu bado ikoni yako huonekana ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo kazi ni ileile.

Tupige hesabu kidogo. Pikseli ni ile nukta moja ya rangi inayounda picha. Picha ya kamera yenye upana wa pikseli 3000 na kimo cha 2000 ina nukta milioni 6. Ukiikata iwe mraba wa 2000 kwa 2000, zinabaki milioni 4. Ikoni ya 100 kwa 100 ina nukta 10,000 tu. Maana yake ni kwamba kila nukta ya ikoni yako inabeba kazi ya nukta 400 za picha ya awali. Ukijaribu kuingiza humo uwanja mzima wa Namboole na mashabiki wake, utapata uji wa rangi. Ikoni hubeba jambo moja. Ukishalikubali hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Zana

Mimi hutumia GIMP. Ni programu huria: unaipakua bure, unaitumia bure, na una ruhusa ya kumgawia mwenzako. Huenda mtafurahi kujua kwamba ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1996. Kazi ya wanafunzi kama sisi, na mpaka leo watu wananufaika nayo.

Nalitaja hili makusudi. Hosteli zetu zimejaa flashi zenye programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Mbali na virusi vinavyoambatana nazo, hiyo ni mali ya watu iliyochukuliwa bila ridhaa yao. Kama ipo njia ya halali isiyotugharimu hata shilingi, isipokuwa bando la kupakulia, sioni udhuru wetu ni upi.

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Programu yoyote ya simu inayoweza kukata picha, kurekebisha mwanga na kuweka maandishi itafuata hatua hizihizi.

Hatua ya kwanza: Kuchagua picha

Tafuta picha yenye mwanga wa kutosha na mtu au kitu kimoja kinachojitokeza. Uso uliogeuka nusu hufaa, mkono uliopepea skafu hufaa, kiatu kinachogusa mpira hufaa. Picha ya kikosi kizima haifai.

Kisha jiulize: hii picha ni ya nani? Picha ikionekana mtandaoni haimaanishi kwamba haina mwenyewe. Wapiga picha wa viwanjani wanaishi kwa kazi hiyo. Njia salama ni tatu: upige mwenyewe, umwombe aliyepiga, au utafute kwenye Wikimedia Commons, ambako kila picha imeandikiwa masharti yake. Mara nyingi sharti ni kumtaja mpiga picha, na wakati mwingine pia kwamba utakachokitengeneza ukitoe kwa masharti yaleyale. Katika ikoni hakuna nafasi ya jina, basi liandike katika ujumbe unaoisambazia. Ukikutana na picha yenye jina la mpiga picha pembeni, usiikate ili kulifuta jina. Iache, utafute nyingine.

Hatua ya pili: Kukata

Fungua picha katika GIMP, halafu bonyeza Shift na C kupata zana ya kukata. Kwenye chaguo za zana weka alama penye Fixed na uandike uwiano wa 1:1, ili kila utakapovuta upate mraba kamili. Sogeza mraba mpaka kile unachokitaka kijaze sehemu kubwa ya nafasi, kisha bonyeza Enter.

Mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, mitandao mingi huonyesha picha ya wasifu ndani ya duara. Duara linalogusa kingo za mraba huacha nje takriban asilimia 21 ya eneo, yote ikiwa pembeni. Kwa hiyo usiweke jambo la maana kwenye pembe. La pili, uso unaotazama upande uachiwe nafasi mbele ya macho. Ukiubana kwenye ukingo, mtu huonekana kama amepigwa na ukuta.

Hapa ndipo lilipotokea lile kosa langu.

Siku moja ya mashindano yale, tulipiga picha ya pamoja kabla ya kwenda uwanjani, ndugu upande mmoja na madada upande mwingine, kila mtu na skafu yake. Ilikuwa picha nzuri ya furaha. Usiku nikaona niwape wenzangu zawadi: nikaikata ile picha moja, nikatoa ikoni kumi na mbili, kila mtu na uso wake, nikazituma zote kwenye kundi letu. Watu walishukuru, baadhi wakaziweka kwenye simu zao saa ileile.

Asubuhi ukhti mmoja alinitumia ujumbe kupitia kiongozi wa madada. Katika ile picha ya pamoja alikuwa safu ya nyuma, akicheka, na mtandio wake ulikuwa umeteleza kidogo. Katika umati hakuna aliyeona. Lakini mimi nilikuwa nimekata mraba kumzunguka, nikamkuza, nikaongeza mwanga, nikanoa. Kile ambacho katika picha kubwa kilikuwa doa, katika ikoni yangu kilikuwa nywele zake, tena katikati kabisa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, mimi nilikubali kupigwa picha na wenzangu. Kama furaha ilikuwa yetu sote, mbona umenitoa peke yangu?"

Nilifuta, lakini tayari watu walikuwa wameshaipakua. Nilimwandikia kila mmoja aliyekuwa kundini nikimwomba aifute. Wengi waliitikia. Sijui kama ni wote, na sina njia ya kujua. Nilimwomba radhi kupitia kiongozi yule, naye alinisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini ninyi mnajua tulivyofundishwa: haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake mpaka mwenye haki asamehe. Kama asingesamehe, ningebaki na deni ambalo nililikopa kwa zana ya kukata na nia njema.

Kwa muda mrefu nilidhani kukata picha ni kupunguza tu, kama kuchonga kipande cha ubao kitoshee mahali. Sivyo. Ukikata, unabadilisha picha inamhusu nani. Mtu aliyekuwa mmoja kati ya thelathini anakuwa yeye pekee, na ruhusa aliyoitoa kwa ile ya mwanzo haikuwa ruhusa ya hii ya pili. Tangu hapo nina kanuni mbili. Simkati mtu yeyote kutoka picha ya pamoja kabla ya kumuuliza. Na nikishakata, namwonyesha yeye kwanza, peke yake, kabla ya kumwonyesha mwingine.

Hatua ya tatu: Mwanga na rangi

Kabla ya kugusa chochote, nakili tabaka. Tabaka ni kama karatasi ya plastiki iliyowekwa juu ya picha: unafanya kazi juu yake na ya chini inabaki salama. Bonyeza Ctrl, Shift na D pamoja.

Nenda menyu ya Colors, chagua Curves. Utaona mstari wa mshazari. Ushike karibu na juu uuinue kidogo, kisha karibu na chini uushushe kidogo, mpaka mstari ufanane na herufi S iliyolazwa. Penye mwanga pataongezeka mwanga na penye kivuli patakoza kivuli. Katika picha ndogo utofauti huo ndio unaotenganisha uso na kilicho nyuma yake.

Wanaoanza hukosea kwa kuzidisha, mimi nikiwa wa kwanza wao. Tena niseme hili wazi: tusizoee kumpausha mtu mweusi kwa kisingizio cha kuongeza mwanga. Tazama rangi ya ngozi kabla na baada. Kama mwenzako amebadilika kuwa mtu mwingine, rudi nyuma kwa Ctrl na Z. Allah amemuumba vizuri kabla ya Curves yako.

Hatua ya nne: Kupunguza ukubwa, kisha kunoa

Fuata mpangilio huu na usiugeuze: kata, rekebisha mwanga, punguza, halafu noa. Menyu ya Image ina Scale Image. Andika 600 kwa 600 kwa nakala ya kuhifadhi, kisha baadaye tengeneza ya 100 kwa 100 kwa majaribio. Picha inapopunguzwa hulegea kidogo, kwa hiyo nenda Filters, halafu Enhance, utumie Sharpen kwa kiasi. Ukiona mstari mweupe unazunguka mabega kama noti iliyokatwa vibaya, umezidisha.

Usifanye kinyume, yaani kuchukua picha ndogo na kuikuza. Programu haiwezi kurudisha nukta ambazo hazikuwepo. Ndiyo maana picha inayotoka kwenye kundi la WhatsApp, ambayo imeshabanwa, hutoa ikoni mbovu. Mwombe mwenye simu akutumie faili la asili.

Hatua ya tano: Maandishi

Neno moja, au namba ya jezi, inatosha. Herufi zenye kimo chini ya pikseli 10 hugeuka vijidoa, basi chagua fonti nene isiyo na mapambo.

Kwa anayetaka kuandika Kiarabu, kaa macho. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo: mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni, au peke yake. Programu zisizoielewa hati hiyo huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na aliyezoea kusoma Kilatini tu haoni kosa. Nimeona mabango ya mihadhara yenye jina la Allah lililosambaratika namna hiyo, na waliolibandika walikuwa na nia safi kabisa. GIMP huunganisha herufi ipasavyo. Fonti ya Amiri, ambayo ni ya bure na imefuata hati ya naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Misri, husomeka vizuri. Hata hivyo mpe anayejua kusoma aisome kabla hujaitoa. Na aya za Qur'ani ningependa tusiziweke katika ikoni ya ushabiki, kwani ikoni huingia kila mahali simu inapoingia.

Jihadhari pia na kugeuza picha kama kwenye kioo. Watu hugeuza ili uso utazame upande wanaoupenda, wakasahau kwamba maandishi ya jezi nayo yamegeuka. Namba 11 aliyowahi kuivaa Salah inaweza kukudanganya maana ikigeuzwa inabaki 11, lakini jina lililo juu yake litakuumbua. Na korongo wa bendera yetu hutazama upande wa mlingoti. Ukimgeuza, amekipa mlingoti kisogo.

Hatua ya sita: Kuhifadhi

GIMP ina milango miwili. Save huhifadhi faili la XCF lenye matabaka yote, ambalo utaweza kulirekebisha kesho. Export As hutoa picha ya kutumia. Ikoni yenye maandishi au rangi bapa itoe kwa PNG, isiyopoteza ubora. Ya uso wa mtu waweza kuitoa kwa JPEG iwe nyepesi, lakini usiifungue na kuihifadhi tena na tena kwa JPEG, kwa kuwa kila mara inapoteza kitu.

Kisha itume kwenye simu yako mwenyewe, iweke, unyooshe mkono, uitazame kwa umbali huo. Kama huitambui, rudi hatua ya pili.

Zoezi: Ikoni isiyo na uso

Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za viumbe hai, na wengi wa zama zetu hutofautisha kati ya kuchora kwa mkono na kupiga kwa kamera. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ila wapo kati yetu wanaochukua rai ya tahadhari, na wapo wasiopenda tu sura zao zizunguke. Zoezi hili ni kwa ajili yao, na kwa anayeanza ndilo rahisi zaidi.

Fungua picha mpya ya 600 kwa 600. Tumia rangi za bendera yetu ya mwaka 1962: nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena nyeusi, njano, nyekundu. Milia ni sita, basi kila mmoja ni pikseli 100. Chagua mstatili wa 600 kwa 100, mimina rangi, shuka 100, rudia. Ongeza tabaka jipya. Chukua zana ya kuchagua duara, andika ukubwa 300 kwa 300 na mahali 150 na 150, mimina nyeupe. Ndani ya duara andika herufi ya kwanza ya jina lako kwa fonti nene nyeusi. Ukiipunguza, chagua 120 kwa 120, si 100. Kwa 120 kila mlia utakuwa na pikseli 20 kamili, ilhali 100 haigawanyiki kwa 6 na kingo za milia zitakuwa na ukungu.

Ikoni hiyo niliitengeneza kwanza kwa ajili ya yule ukhti, baada ya kumuuliza kama angependa yoyote. Alisema anataka, bila uso. Wiki iliyofuata madada wengi waliomba za herufi zao, na ndizo hizo mnazoniuliza kila baada ya darsa.

Nimalizie na utani wa mashabiki. Baada ya mechi, vijana hutengeneza picha za kumdhalilisha mchezaji aliyekosa penalti, au mwenzao wa timu pinzani wakimwekea masikio ya punda. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kupeana majina mabaya, na haikuweka kando siku za mechi. Ujuzi huu utakuwezesha kufanya hivyo kwa dakika tano. Ukiwa nao, utaulizwa ulivyoutumia.

Mwenye kukwama katika hatua yoyote anione baada ya darsa ya Jumamosi, aje na kompyuta yake, na picha ambayo ameshaiombea ruhusa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.